Mwajiri Wangu ni Mimi

Nilimfungua Nekesa mgongoni, nikamketisha juu ya meza ya Afisa wa Leseni, juu ya mafaili yake, nikamwambia, "Haya, mweleze na huyu. Mimi nimechoka kusikia. Mweleze yeye."

Nekesa ni binti yangu, alikuwa ndio anajifunza kusimama. Alimtazama Afisa, akautazama muhuri, akaushika muhuri akautia mdomoni.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni mpaka mlangoni, na hata wale waliokuwa wakinisukuma tangu asubuhi waliacha kusukuma. Afisa akasema, kwa ile sauti ya chini wanayoitumia kuonyesha kwamba wao hawajakasirika, "Madamu, toa mutoto."

"Sitoi."

"Madamu, hii ni ofisi ya serikali."

"Na huyu ni mtoto wa mtu ambaye serikali haijui ni nani. Basi amefika kwenu."

Alichokuwa ameniambia muda mfupi kabla ya hapo ni hiki, na ninakiandika vile alivyokisema: nitafute mwenyeji yeyote, hata jirani, jina lake liandikwe kwenye leseni kuwa ndiye mwenye kazi, kisha mimi niandikwe kuwa nimeajiriwa kwake. "Hiyo ni rahisi," alisema. "Wengi nafanya hivyo." Akatabasamu kama mtu aliyenipa zawadi.

Najua habari za kazi huandikwa na wazee waliostaafu, wakiwa na pensheni na miwani. Mimi sina mvi. Lakini nimeshona tangu nilipotoka shule, nimekaa chini ya wakubwa, nimehama mji kwa mji, na sasa kazi yangu imetiwa kufuli na watu wa ofisi, kwa hiyo na mimi ninayo ya kusimulia. Nawaandikia hasa nyinyi wasichana mnaovuka mpaka na mkasi na futi ya kupimia ndani ya begi, mkiwaza kwamba siku moja mtakuwa na mlango wenu wenyewe. Kuhusu mlango, niulizeni mimi.

Kwetu ni upande wa Kenya, Bungoma, njia ya kwenda Chwele. Nilimaliza kidato cha nne, alama zikawa za katikati, karo ya chuo haikuwapo. Shangazi yangu alikuwa akinunua samaki wakavu Masese, pale ziwani nje ya Jinja, Uganda, na alimjua mama mmoja Mwislamu mwenye duka la ushonaji nyuma ya soko. Watu wote walimwita Hajati, na mimi sikuwahi kumwita vingine. Shangazi alinifikisha mlangoni asubuhi, akaniacha na begi langu, akaenda kuwahi samaki.

Hajati alinipima kwa macho kama anayepima kitambaa cha mkopo.

"Kiswahili unajua?"

"Najua, Hajati."

"Cha shule au cha kambi?"

"Cha nyumbani."

"Hicho nakitaka. Nusu ya wateja wangu ni maafande wa jeshi na wa magereza, na wake zao. Wasichana wa hapa wakisikia Kiswahili wanaona bunduki, wanajificha nyuma ya pazia. Nataka mtu wa kujibu."

Basi niliajiriwa kwa sababu ya kujibu. Mnaoshangaa mdomo wangu, mjue ulianza kama sifa ya kazi.

Siku hiyo ya kwanza sikushona kitu. Nilifumua. Hajati aliniwekea rundo la suruali za kupunguzwa, akanipa wembe wa kufumulia na kipande cha sabuni cha kuchorea, akasema, "Ukichana kitambaa cha afande hata kidogo, unarudi Kenya leo, kwa miguu." Nilifumua mpaka vidole vikawa na malengelenge. Jioni alipitisha mkono juu ya mishono yote, akakuta suruali moja nimeivuta ikaacha kitundu kidogo. Aliiangalia, akaniangalia. Akasema, "Una bahati, hiyo ni ya mume wangu."

Dukani kulikuwa na ngazi kama za jeshini. Chini kabisa ni mfumuaji. Akipanda anakuwa mpiga pindo, yule anayekunja mwisho wa nguo na kuupitishia uzi kwa mkono. Kisha mshonaji, anayekaa kwenye cherehani. Juu ya wote ni mkataji, kwa sababu mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini kitambaa kilichokatwa vibaya kinakuwa hasara ya duka. Mkataji alikuwa Hajati mwenyewe. Miaka ya mwisho akawa ananiachia mkasi na kusimama nyuma yangu akipumua kwa nguvu.

Kazi kubwa ilikuwa gomesi, lile vazi refu la kina mama lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Bega la gomesi ndilo mtihani. Ndani yake huwekwa kitambaa kigumu ili lisimame. Ukiweka kigumu mno mama anaonekana kama ndege anataka kuruka, ukiweka laini linalala na aibu ni yako. Na kuna kipimo ambacho Hajati alikiita kipimo cha Masese. Wanawake wa samaki walikuwa wakija kwetu, nguo zao zina moshi, na Hajati hakuwapima wakiwa wamesimama wima mikono chini kama wengine. Aliwaambia, "Inua mikono, mama, shika beseni lako." Mama anainua mikono juu ya kichwa kana kwamba beseni la samaki lipo, na ndipo futi inapitishwa. Nguo iliyopimwa mikono ikiwa chini hupasuka kwapani siku ya kwanza ya kazi. Mpaka leo, mteja akiingia, swali langu la kwanza ni kazi yake. Rangi tunaiongea baadaye.

Wakaguzi wa leseni walikuwa wakipita Jinja pia. Hajati alinyoosha kidole ukutani, kwenye leseni yake ndani ya kioo.

"Na hawa?" waliuliza, wakitugeukia sisi.

"Hawa watoto wangu."

Wanaondoka. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani wala nimetoka wapi. Niliishi hivyo miaka yangu yote ya Jinja na nilidhani huko ndiko kuwa na amani. Sasa naona nilikuwa kama mojawapo ya cherehani zake tu, na cherehani haiulizwi kitambulisho.

Nekesa alipozaliwa, mambo yakabadilika. Baba yake yupo, ila hayumo katika habari hii. Hajati hakutaka mtoto anayetambaa karibu na pasi ya makaa, na alikuwa na haki. Tuliagana vizuri. Alinipa cherehani yake ya zamani, ile ambayo kanyagio lake hulia kama paka, akasema, "Nenda ukawe Hajati wa mahali pengine."

Nilichagua Mbale kwa sababu lugha ya Wamasaba, wenyeji wa huko, na Kibukusu chetu ni ndugu wa tumbo moja. Unaongea sokoni na mtu anakujibu bila kugeuka kukutazama. Jinja nilikuwa mgeni kila nilipofungua kinywa. Mbale, kwa mara ya kwanza, sikuwa. Nilikodi chumba mtaa wa Malukhu, chenye mlango unaotazama barabara, nikaweka cherehani, nikatundika gomesi moja nje. Haikupita muda nikapata wazazi wa shule moja ya jirani, wakanipa sare za watoto wao. Wengine walitoka mbali, hata Busiu, nje ya mji. Nikasema sasa nijiandikishe, niwe na leseni yangu kwenye kioo changu. Hakuna aliyenilazimisha. Nilienda mwenyewe, nimevaa vizuri.

Hapa ndipo nilipoanza kutoelewa, na nawaomba msome polepole.

Kila mtaa Uganda una mwenyekiti wa baraza, na bila barua yake ya utambulisho huwezi kujiandikisha kwa jambo lolote. Mwenyekiti wetu Malukhu ni mzee mnene, mcheshi, mwenye muhuri unaokaa mfukoni mwa shati kama kalamu. Nilimsalimia kwa Kibukusu. Akasimama.

"Wewe ni wa ukoo gani?"

Nikamtajia. Akapiga makofi.

"Ukoo huo uko Busiu! Mama mzaa mama yangu ametoka huko. Wewe ni mukhana wefwe!" Yaani binti yetu.

"Mzee, mimi ni wa Kenya."

"Kenya ni hapo tu. Babu yangu alienda kutahiriwa huko, akarudi na chakula kikiwa bado moto."

Akaandika barua, akagonga muhuri mara mbili kwa furaha. Barua ilisema kwamba mwenye kuileta ni mzaliwa na mkaaji wa Malukhu, binti wa ukoo unaojulikana, tabia njema. Nikamwonyesha neno *mzaliwa*. Akasema, "Ndiyo. Sasa unataka niandike kwamba umeanguka kutoka juu?" Mkewe akacheka, mimi nikacheka, nikaenda.

Afisa wa Leseni aliisoma barua hiyo, akanyoosha mkono bila kuinua macho. "Kitambulisho ya taifa."

Nikampa cha Kenya.

Hapo akainua macho. "Mwenyekiti nasema wewe umezaliwa Malukhu."

"Anasema kwa mapenzi."

"Kwa mapenzi?"

"Ni kwa ajili ya ukoo, bwana. Mimi ni Mkenya."

"Kama wewe ni wa hapa, nataka kitambulisho ya hapa. Kama wewe ni Mkenya, nataka kibali ya kazi. Chagua moja."

Nilichagua kuwa Mkenya, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Akanielekeza ofisi nyingine, ambayo nitaiita ofisi ya wageni. Huko mtu wa dirishani huvaa sare na huitwa Afande. Huyu hakuwa mbaya, na ndilo linalonichanganya zaidi katika habari hii yote: sikukutana na mtu mbaya hata mmoja.

"Mama, usiogope," alisema. "Watu wa Afrika Mashariki kibali yao ni rahisi. Lete barua ya mwajiri yako, basi."

"Sina mwajiri, afande. Najiajiri."

"Nani nakulipa mshahara?"

"Mimi."

"Nani nakupa likizo?"

"Sijawahi kupewa."

"Sasa mwajiri yako ni nani?"

"Mimi."

"Na mwajiriwa?"

"Mimi pia."

Aliziangalia nafasi mbili za sahihi kwenye fomu, moja ya mwajiri na moja ya mwajiriwa. Akaniangalia mimi, mmoja. "Huwezi kuwa wawili, mama," alisema kwa upole. "Nenda tafuta barua."

Nilirudi nyumbani nikiwaza kama mtu aliyepigwa kichwani. Siku iliyofuata nikaandika barua ya mwajiri. Niliandika kwamba mimi, mwenye duka la kushona hapa Malukhu, nimemwajiri mimi mwenyewe kuwa mkataji, mshonaji na mpiga pindo. Kwamba nimemjua kwa maisha yake yote. Kwamba ni mchapakazi ila ana hasira. Nikatia sahihi yangu chini, na chini yake tena nikatia sahihi ya kukubali kazi. Msidhani nilikuwa natania. Nilidhani ndicho walichokuwa wakikitaka.

Afande aliisoma, akavua kofia. Akaenda nayo chumba cha ndani, nikasikia kicheko cha watu wengi. Akarudi akifuta macho. Akasema barua ni nzuri, haijapata kutokea, lakini kwa mtu wa namna yangu kuna kibali cha namna nyingine, cha anayefanya shughuli yake mwenyewe. Nikafurahi.

"Kinataka nini, afande?"

"Leseni ya biashara."

"Leseni wamesema nilete kwanza kibali."

"Wale nasema hivyo?" Akakuna shingo. "Tungeweza kukupa kibali kwa ahadi ya leseni. Iko njia. Lakini angalia hapa." Akaweka kidole kwenye barua ya Mwenyekiti. "Hii nasema wewe ni mzaliwa. Sisi hapana toa kibali kwa mzaliwa. Mzaliwa nafanya kazi bila kibali katika nchi yake. Lete barua nasema wewe ni mgeni, mimi natia sahihi siku hiyo hiyo."

Mmeelewa? Kwa Afisa wa Leseni mimi ni mgeni asiye na kibali. Kwa Afande mimi ni mwenyeji asiyehitaji kibali. Nikiwa kwa huyu ni wa kule, nikiwa kwa yule ni wa huku. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mtaro nikamnyonyesha Nekesa, na kwa kweli kabisa nilijaribu kukumbuka kama kuna siku mama yangu aliwahi kunificha jambo.

Wakati mimi nikizunguka hivyo, wakaguzi walifika Malukhu. Walikuwa wawili, wamebeba makufuli kwenye mfuko wa sukari. Nikawaonyesha faili langu lote: barua ya Mwenyekiti, kitambulisho, fomu ya kibali, hata barua yangu ya mwajiri. Mkubwa wao alisoma kila karatasi kwa utulivu, akasema, "Umejaribu, mama. Lakini hatubandiki kujaribu ukutani." Wakaniruhusu nitoe nepi za mtoto. Cherehani ilibaki ndani. Sare za shule zilibaki ndani, zingine hazina mikono, na shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa.

Wazazi wakaanza kuja. Mmoja wa kutoka Busiu alisimama mbele ya kufuli, mikono kiunoni. "Mama Nekesa, mtoto wangu aende na fulana?"

"Wamenifungia, dada."

"Kwa nini? Si wewe ni mtu wa hapa?"

"Hapana."

"Basi kwa nini unaongea kama sisi?" Alikasirika kabisa, kana kwamba nilikuwa nimemwibia lugha.

Ndipo nikafunga mtoto mgongoni nikaenda kwa Afisa wa Leseni, na ndipo alipotabasamu na kuniambia nitafute mwenyeji awe mwenye kazi. Mnaelewa sasa kwa nini nilimweka mtoto mezani. Nilipotoka kwa Hajati niliapa nisiwe tena mtoto wa mtu kwenye leseni ya mtu. Nilivuka nusu ya mashariki ya Uganda na cherehani inayolia kama paka. Na huyu bwana, aliyevaa suruali yenye pindo la mashine lililokwenda upande, ananiambia nirudi nikawe wa mtu. Yeye hakunitukana. Alinionea huruma. Afadhali angenitukana.

Mlango wa ofisi ile unalindwa na mzee mmoja wa kaskazini, askari wa magereza mstaafu, ambaye wote wanamwita Afande Mzee. Aliingia akitembea kwa hatua zile za gwaride, na foleni ikapisha, wote tukidhani atanitoa kwa nguvu. Alimnyanyua Nekesa, akautoa muhuri mdomoni mwake, akaufuta kwenye shati lake, akaurudisha kwa Afisa, akapiga saluti. Kisha akatoka na mtoto, na mimi nikamfuata mtoto.

Nje akaniambia, "Weye napiga kelele kwa mutu hana nguvu. Ule nafuata karatasi tu."

"Na mwenye nguvu ni nani?"

"Mimi hapana jua. Lakini juu ngazi iko dawati ya malalamiko. Huko maneno ya mudomo haiingii. Andika."

"Wanataka nini?"

"Malalamiko yako. Na barua ya mwenyekiti ya mutaa, kukutambulisha."

"Afande, barua ya mwenyekiti ndiyo ninayoilalamikia!"

"Mimi hapana tunga sheria, mama." Alinirudishia Nekesa, aliyekuwa amemshika sikio. "Mimi nafungua mulango."

Nikaenda kwa Mwenyekiti mchana huohuo. Nilimkuta anakula, na mkewe akaniwekea sahani kabla sijakaa: malewa, yale machipukizi ya mianzi waliyoyapika kwa karanga. Huwezi kukataa malewa nyumbani kwa Mmasaba halafu ukaomba kitu. Nikala. Kisha nikamweleza yote, pamoja na kufuli.

"Kwa hiyo, mzee, naomba barua nyingine. Andika tu kwamba mimi ni mgeni kutoka Kenya na ninakaa hapa."

Aliweka kijiko chini. "Unakula malewa yetu na mdomo huohuo unasema mgeni?"

"Ni kwa ajili ya ofisi, mzee."

"Ofisi ina mwisho. Siku ukifa hapa, nani atakuzika?"

"Sijaja kufa. Nimekuja kushona."

"Sikiliza, mukhana. Kulikuwa na mtu hapa, wa upande wenu, nilimwandika mgeni kama alivyotaka. Akafa. Ndugu waliokuwa wakigombea ardhi aliyokaa wakatoa barua yangu, yangu mimi, wakasema huyu ni mgeni, hana pa kulala hapa. Tulimpakia kwenye gari akiwa kwenye mkeka, mvua inanyesha. Watoto wake wananiangalia." Aliisogeza sahani kando. "Mimi sitaandika neno hilo tena juu ya mtoto wa ukoo wetu. Niombe kitu kingine."

Mkewe akaingilia. "Mzee, mwandikie mtoto. Kwani barua ndiyo itamzaa upya?"

"Wewe nyamaza, hukuwapo kwenye ile mvua."

"Nilikuwapo. Nilikushikia mwavuli."

Aliinuka, akautoa muhuri mfukoni mwa shati, akaingia nao chumbani. Nikasikia kabati likifungwa. Hakurudi kula.

Mama yule akanisindikiza mpaka njiani. Alinishika mkono. Mwishoni aliniuliza, kwa sauti ndogo, kama nikienda kumshtaki mumewe watamnyang'anya kiti. Nikamwambia sijui. Nilikuwa sijui kweli. Hasira niliyokuwa nayo tangu asubuhi ilitafuta mtu wa kumwangukia, ikamkosa, na nikamchukia huyo mzee kwa sababu hakunipa hata nafasi ya kumchukia.

Lakini kufuli lilikuwa pale pale. Sare zilikuwa ndani. Nilikaa kizingitini kwangu, mlango umefungwa nyuma yangu, nikaandika malalamiko kwa Kiingereza cha kidato cha nne, nikayafuta mara nyingi, nikayaandika safi. Kwa kuwa walitaka barua ya Mwenyekiti ya kunitambulisha, niliwapa ile niliyokuwa nayo, ile ile inayosema mimi ni mzaliwa. Karani wa malalamiko, binti wa rika langu, alisoma barua, akasoma malalamiko, akarudia barua.

"Dada, hizi zinapigana."

"Najua. Ndicho ninacholalamikia."

Alifikiri, akaangalia mlangoni kama kuna mkubwa wa kumuuliza. Hakukuwa na mtu. Akagonga muhuri wa kupokelewa juu ya zote mbili. Haya ndiyo niliyowasilisha, nimeyaweka hapa kwa Kiswahili:

*Kwa Mkuu wa Dawati la Malalamiko.*

*Mimi ni fundi wa kushona, raia wa Kenya, mkaaji wa Malukhu, mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba nilikuja mwenyewe kujiandikisha kuwa mtu anayejiajiri, na nimeshindwa.*

*Ofisi ya leseni hainipi leseni kwa kuwa mimi ni mgeni. Ofisi ya wageni hainipi kibali kwa kuwa mimi ni mwenyeji. Duka langu limefungwa na ofisi ambayo haijasema imelifunga kwa kuwa mimi ni nani kati ya hao wawili. Ndani mna nguo za watoto wa watu. Naomba hizo zitolewe kwanza, hata kama mimi nitabaki nje.*

*Nimeshauriwa niweke jina la mtu mwingine kuwa mwenye kazi yangu. Nakataa. Kazi hii nimejifunza miaka mingi chini ya mtu, na nafasi hiyo nimeshaiacha. Naomba ushauri huo usipewe mtu mwingine.*

*Barua iliyoambatanishwa ina kosa. Mimi sikuzaliwa Malukhu. Naomba Mwenyekiti wa mtaa asiadhibiwe, asiitwe, wala asifokewe kwa kosa hilo. Ameombwa kulisahihisha na amekataa, na sababu yake nimeisikia na ninaiheshimu. Hawezi kuniandika mgeni kwa sababu ananihesabu mtoto wake.*

*Kwa hiyo naomba neno hilo, mgeni, liandikwe na ofisi yenu, kwa mkono wa mtu yeyote asiyenijua.*